Vivuli Viwili Ukunguni

"Usiinue mguu!" Dada alinidaka mkanda wa suruali. Ukungu ulikuwa umetuvamia ghafla katikati ya kilima. Bahari tuliisikia ikipiga chini, lakini ukingo wa kilima ulikuwa wapi hatukujua.

Tulikuwa tumenuniana tangu jana, tulipogombana mbele ya cherehani ya Dada kuhusu nani akae na mama.

Mara jua la asubuhi likapenya nyuma yetu. Mbele, juu ya ukungu, wakasimama watu wawili weusi, warefu kama minara. Mmoja alizungukwa kichwani na pete ya rangi za upinde wa mvua.

Nilipunga mkono. Jitu lile likapunga.

"Mungu wangu! Kivuli changu kina taji."

"Chako wapi? Taji liko kwangu."

"Dada, acha ubishi. Liko kwangu."

"Naliona kwa macho yangu mwenyewe!"

Akasogea, akabana shavu lake kwenye langu. Lilikuwa la baridi, limelowa matone. Kule mbele vichwa viwili vikaingia ndani ya pete moja.

"Sasa je?" aliuliza.

"Sasa naona. Kumbe kila mmoja aliliona kichwani pake tu."

Ukungu ukaanza kufunguka, njia ikaonekana. Hakuna aliyeondoa shavu.