Kisikio cha Utepe

"Redio ilifungwa na fundi wenu wenyewe, kwenye tawi lenu la pili!" nilimfokea meneja wa huduma. "Kwa hiyo waranti ipo, na gari mtanitengenezea."

Gari lilikuwa limezimika barabarani, moshi ukifuka kwenye dashibodi. Mume wangu, aliyeniapia kuwa alilipeleka tawi hilo kwa mkono wake, alisimama kando yangu akitikisa kichwa kama aliyedhulumiwa.

Fundi alichomoa redio, akavuta nyaya nje. Zilikuwa zimekatwa, zikasokotwa pamoja, zikazungushiwa utepe mweusi.

"Hii si kazi yetu, mama," alisema. "Jionee mwenyewe."

Nilijionea. Ncha ya kila utepe ilikuwa imekunjwa, ikaacha kisikio kidogo cha kushikia.

Nyumbani kwangu waya wa pasi una kisikio hicho. Wa taa ya kitandani pia, na wa chaja yangu. "Ili siku ya kufungua usivunje kucha zako," mume wangu huniambia, nami hucheka, nikijiona napendwa.

"Nani alilipeleka gari kufungwa redio?" meneja aliuliza.

Mume wangu alikohoa. "Muulizeni mama watoto. Gari ni lake. Mimi niliambiwa tu, kama nyinyi."

Sikumtazama. Nilishika kisikio kimoja kwa kucha, nikavuta. Utepe ulifunguka wote, taratibu, wala ukucha haukuvunjika.

"Kalamu unayo?" nilimwuliza meneja. "Andika jina la fundi aliyefunga redio."