Nukta Nyekundu ya Chanika

Kati ya majibu yote ya utafiti wa Chanika, kompyuta ilitenga moja tu, nukta nyekundu pembeni mwa grafu. Wengine wote walijibu kwamba wanauamini sana uongozi wa mtaa.

"Huyu anatuharibia grafu," alisema Dakta, mkuu wa utafiti, ameinama nyuma ya kiti cha Editha. "Ni nani?"

Editha, aliyemhoji mwenyewe, alimkumbuka. Mama yule alikuwa akimenya mihogo, na mjumbe wa serikali ya mtaa, aliyewapeleka wahoji nyumba kwa nyumba kama ulivyo utaratibu, amekaa hapo hapo anasikiliza. Simu ya mjumbe ilipoita, akatoka nje ya uzio. Kisu kikatulia juu ya muhogo.

"Siwaamini hata kidogo. Andika haraka mwanangu, anarudi."

"Watu walikuwa wanamwogopa mjumbe, Dakta," Editha alisema. "Hilo ndilo jibu pekee la kweli."

"Kweli gani ya mtu mmoja?" Dakta alishatoa simu. "Ngoja nimpigie mjumbe huyo huyo atupeleke tukamhoji upya. Nyumba ipi?"

Editha alisogeza kishale hadi kwenye nukta nyekundu.

"Usimpigie, Dakta. Nilibonyeza vibaya mie."

Akaifuta. Chanika nzima ikawa inauamini uongozi wake.