Honi Nne Kwenye Mteremko

Idrisa alifunga kamba kwenye ndoano ya pikapu yake. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita tangu avute gari la mbio mara ya mwisho. Leo alikuwa analivuta la Kidawa, binti wa rafiki yake Mbaruku, hadi kwenye barabara nyoofu ya mashindano.

"Anko, kwenye mteremko nifanyeje?" Kidawa aliuliza.

"Shika breki kidogo muda wote, kamba isilegee. Breki zitachemka. Tutasimama mara mbili zipoe."

"Siku ile aliyoumia baba, mlisimama?"

Siku ile Mbaruku, akivutwa na Idrisa ndani ya gari lake, alipiga honi mara nne kuomba wasimame. Idrisa alizisikia zote. Alitaka wafike kabla ya wenzao, akaendelea kukanyaga mafuta. Mbaruku alipomaliza mbio, breki zilizoungua hazikushika. Watu walisema alichelewa kuzikanyaga, na Idrisa hakuwasahihisha.

Sasa alifungua mdomo aseme ukweli, lakini alitanguliwa.

"Tulisimama," alisema Mbaruku, aliyekuwa ameegemea magongo yake kando yao. "Mara mbili. Mimi ndiye niliyechelewa kukanyaga. Wewe usichelewe, kichwa maji mmoja anatosha nyumbani."

Kidawa alicheka, akaingia garini na kushika usukani. Idrisa alibaki ameinama juu ya ndoano. Aliyasikia magongo yakisogea polepole kwenye changarawe, yakasimama nyuma yake, naye hakuweza kugeuka.