Ziwa Tutaliona Mwisho

"Muongo wewe."

"Mama, niache nimalize."

"Umalize nini? Mnara huu kaujenga mume aliyechoka kugombezwa kwa kuchelewa nyumbani? Nani kakwambia?"

"Bibi yangu," alisema Dorin bila kupepesa. "Na yeye kaambiwa na bibi yake, ambaye ndiye mke mwenyewe."

Watalii wanane wakacheka. Dorin akainua mwavuli wake wa njano juu zaidi, ingawa mvua ilishakatika, akawapungia wamfuate. Mnara wa saa wa mji wa Bitola ukabaki nyuma yao, na nyuma yao pia yule mama, mkoba kwapani, raba miguuni, anasonya.

Jina lake Letka. Aliwakuta njiani dakika kumi baada ya matembezi kuanza, anahema, jasho puani. Alifungua mkoba kama anayetaka kutoa kitu, akamsikiliza Dorin kidogo, akaufunga. Tangu hapo hakumpa nafasi ya kupumua.

Matembezi haya ni ya bure. Kila anayezunguka Ulaya na begi moja anayajua. Saa nne asubuhi unaenda uwanja mkuu, unatafuta mwavuli wa njano, unasimama chini yake. Huulizi jina wala kitambulisho. Mwisho unampa kiongozi kile ambacho moyo umekutuma. Lakini Dorin leo hakuwa na habari na moyo wa mtu. Alikuwa na habari na tumbo lake. Hajala tangu jana mchana, na Radek, Mpolandi mwenye ndevu nyekundu, alishamwahidi mbele ya wenzake kwamba akiwachekesha mpaka mwisho, asipotee hata mtu mmoja, chakula cha mchana ni juu yake. Mmoja akichoka akaondoka, basi, njaa inaendelea.

Kwa hiyo alichekesha. Walipofika kwenye sanamu ya mtu juu ya farasi, alisema mkuu wa jeshi alikuwa farasi, huyo mtu ni mzigo tu. Aliwaingiza kwenye kichochoro wakagota ukutani, akasema ndivyo wenyeji wanavyopata wachumba, atakayetoka wa mwisho anaoa kabla ya Jumapili. Wakatimua mbio kama kuku, Radek mbele.

Na kila wakikaribia kona alikuwa anawaambia, ziwa tutaliona mwisho. Letka anauliza, ziwa gani? Watalii wanacheka kuliko mara iliyopita, na Dorin anarefusha shingo, anachungulia baina ya nyumba.

"Na hilo begi mgongoni?" Letka aliuliza, makusudi wote wasikie. "Kiongozi gani anatembea na kabati lake?"

"Mke kanifukuza."

Dada mmoja akamwonea huruma, akampa pipi. Tumbo la Dorin likaipokea kwa kelele.

Letka akaona sasa basi. Akajipenyeza mpaka mbele, akawageukia watu, akawaeleza habari ya mnara kama wazee wa hapa wanavyoisimulia. Kwamba wakati wa kuujenga, watu walipita kijiji kwa kijiji wakakusanya mayai elfu sitini, wakayachanganya kwenye chokaa, ndiyo maana mpaka leo umesimama.

Radek akashika mbavu. Wakaangua kicheko wote. Mmoja akauliza kama waliyachemsha kwanza.

"Ndivyo tunavyosimuliana hapa," alisema Letka. "Muulizeni yeyote."

Dorin akamwinamia kwa upole. "Mama, hata uongo una kiasi chake."

Letka akafungua mdomo amjibu. Kikatoka kicheko. Alijaribu kukimeza, kikamshinda, akacheka mpaka akamshika Dorin bega asije akaanguka. Kuanzia hapo wakawa wawili. Huyu anasema kanisa lile lina kengele inayokoroma, yule anasema ndiyo, hasa Jumatatu. Mpita njia mmoja alimsalimia Letka, akatazama mwavuli, akamtazama Dorin, akaondoka anakuna kichwa.

Hakupotea hata mtu mmoja. Walifika mgahawani wakiwa kumi kamili, na Radek akatimiza ahadi. Ikaletwa bureki, mkate wa matabaka uliojazwa nyama, ya moto, inachuruzika mafuta, na mtindi kwenye vikombe vikubwa. Dorin alikula sahani tatu. Kwenye ya kwanza hakusema neno, na Letka akawaambia watu hayo ndiyo maajabu pekee ya kweli waliyoyaona leo.

Wakaagana kwa kukumbatiana. Radek aliapa hajapata kutembezwa hivi tangu atoke kwao, na kwamba lile la ziwa ataenda kumsimulia baba yake.

Dorin akasimama mlangoni, akawapungia mpaka wa mwisho alipopinda kona. Ndipo akajifuta mtindi mdomoni, akamsogelea Letka.

"Mama, sasa tumebaki sisi wawili. Nisaidie. Ziwa liko wapi?"

"Ziwa liko Ohrid."

"Ndiyo, mama, si ndiyo hapa? Upande gani?"

Letka akamtazama yeye, akalitazama na begi.

"Upande wa stendi," alisema. "Saa moja na nusu kwa basi."

Akafungua mkoba, akatoa mwavuli wa njano, akaukunjua. Maandishi meusi yalizunguka ukingo wote: TEMBEA BITOLA BURE, KILA SIKU SAA NNE. Akamshikisha Dorin mkononi.

"Kesho usichelewe kama mimi," alimwambia, akageuka, akaenda zake.