Mwenye Akili Kuliko Wote

Mtoto wa thelathini na moja naye aliitazama picha, akakuna kichwa, akasema hakuna kilichopungua.

Daktari Nyamizi alisimamisha saa ya kuhesabia sekunde, akaandika sifuri. Akainuka. Akakaa. Akainuka tena, akaenda dirishani, akarudi. Tangu asubuhi kiti cha darasa lile la kijiji cha Kimali kilikuwa kinamchoma.

Picha ilikuwa ya ng'ombe anayenyonyesha ndama, naye hana kiwele. Aliichora mwenyewe, Dar es Salaam, kwa hasira. Miaka kumi alikuwa amesoma vitabu vya wanasaikolojia wanaopima akili za watoto kwa picha za ngazi, miavuli na treni, kisha wanaandika kwamba watoto wa wafugaji wana akili nzito. Wapimeni kwa wanachokijua, alibishana nao katika kila mkutano, ndipo mtaona. Mwishowe shirika moja la nje likamwambia haya, kapime.

Ilikuwa miaka ile ya milango wazi, wanunuzi binafsi wa pamba na mashirika ya nje wakipishana barabarani kwa vumbi. Shirika hili lilikuwa na nafasi kumi za shule ya bweni Mwanza. Watoto kumi wenye akili wakipatikana Kimali, wangesomeshwa. Wasipopatikana, nafasi zingekwenda mkoa mwingine na ripoti ingesema wazi kwa nini. Gari lilikuwa linamfuata kesho. Mpaka saa hiyo alikuwa amepata mmoja, tena kwa kumsukumasukuma.

"Salu," alimwambia mtoto kwa upole, "nyumbani unachunga?"

"Nilichunga siku moja."

"Kisha?"

"Wakapotea."

Mama yake, Mhoja, aliyekaa karibu na mlango, aliziba mdomo kwa khanga. Nyamizi hakuona cha kuchekesha.

Kwenye benchi la nyuma Mzee Mwandu alikuwa akisinzia. Ndiye aliyezunguka kaya kwa kaya kuwatangazia wazazi: kila kaya ilete mtoto mmoja, mwenye akili kuliko wote, na atakayefaulu atachukuliwa akasome mbali. Miguu yake haina nguvu siku hizi, lakini Nyamizi ni binti yake, na mzee hakutaka mtu mwingine aifanye kazi hiyo.

Mcheza kwao hutuzwa, ndivyo Nyamizi alivyowaza alipokuwa anafunga mizigo. Na kwao ni hapa. Mwaka 1963, serikali ilipotaka mtoto mmoja wa shule kutoka kila kaya, baba yake aliwapanga watoto wake sita uani, akawapitia kwa macho mara mbili, akasema, "Nyamizi." Siku ile aliibeba mpaka Ulaya. Kila masomo yalipomwelemea alijikumbusha kwamba mzee asiyejua hata kuandika jina lake alimwona yeye, kabla ya shahada yoyote. Aliwapenda maprofesa wake, lakini hakuna aliyempa cheti kama kile.

Nje walipita ndama na vumbi lao. Msichana wa kama miaka kumi, fimbo mabegani, akachungulia dirishani. Macho yake yakatua kwenye picha.

"Huyo ndama ananyonya nini?" akauliza. Kabla hajajibiwa akamwita ndama wake mmoja kwa jina, akaenda zake.

Nyamizi alitoka mbio mpaka kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Alimkuta msichana nyuma ya choo cha shule, akamtajia tarakimu tano azirudishe kinyumenyume. Akazirudisha. Sita. Akazirudisha. Saba akazirudisha huku anahesabu ndama kwa fimbo, kisha akasema mmoja amebaki nyuma ya darasa. Kweli alikuwa amebaki.

"Wewe mtoto wa nani?"

Msichana alinyoosha fimbo kuelekea mlango alipokaa Mhoja.

Nyamizi alirudi ndani akihema. Alikuwa na furaha na hasira, hakujua ipi inaongoza. "Mhoja! Nilitaka mwenye akili kuliko wote. Mbona umenificha yule?"

"Nyanjige?" Mhoja alishtuka. "Nyanjige hatoki, mayu, mama yangu. Nyanjige ndiye kaya yenyewe."

"Na wenzako? Wale thelathini wengine?"

Aliyejibu ni Mzee Mwandu, ambaye kelele zilikuwa zimemwamsha.

"Usimgombeze, mwanangu. Hakuna aliyekudanganya kwa ubaya. Mimi mwenyewe niliwatangazia kwamba utawachukua. Sasa mtu atoe mtoto anayejua kila ng'ombe, anayetumwa mnadani akarudi na jibu sahihi, halafu nyumbani abaki na nani? Wa kupelekwa shule ni yule ambaye kaya haitayumba akiondoka. Ndiyo desturi."

"Desturi ya lini, baba?"

"Tangu shule zije. Serikali ikitaka mtoto, unatoa huyo. Hakuna mzazi hapa aliyefanya vingine."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Nyamizi alikaa, akatulia. Mhoja alimshika Salu mkono, akatoka naye taratibu bila kuaga. Mzee Mwandu alimtazama binti yake, akatabasamu, kisha tabasamu likamwishia polepole. Akajikongoja mpaka kwenye meza ya Nyamizi, akainama, na kusema kwa sauti ya chini:

"Lakini wewe, mwanangu, tulikupenda hivyo hivyo."