Kitambaa Chekundu Kwenye Kamba

Mke wa fundi cherehani alifungua geti la nyumbani, akaona kitambaa chekundu kinakauka kwenye kamba ya nguo.

Asubuhi alikuwa amekifunga mwenyewe kwenye kichaka cha rozmari wanakochuma majani ya kutia kwenye chai, baada ya kukipulizia kichaka hicho dawa ya wadudu. Ndivyo walivyozoea hapo kwao: ukiona chekundu, huchumi. Lakini mama mkwe alifika jana tu, na yule mama akiona kitambaa kichafu hatulii mpaka akifue.

Rozmari haina makuu. Jua liwake, mvua igome, yenyewe kijani tu, wala haimwagiliwi. Kwa hiyo hakuna tone la maji lililoiosha dawa ile.

Alikimbilia kichakani: matawi ya juu yalikuwa yamevunjwa, vikonyo bado vibichi. Harufu nzuri ya chai ikamjia kutoka jikoni.

"Mama!" aliita. "Chai hiyo umekunywa?"

"Mimi? Bado, mwanangu, yangu ndiyo kwanza naimimina," mama mkwe alijibu kwa bashasha. "Nimeanza na mjukuu wangu. Ameipenda kweli! Kamaliza kikombe kizima, saa hizi kalala fofofo."