Refa Hana Ndugu

Ti! Mlio mwembamba wa simu ulipenya ukuta, kisha kukawa kimya.

Fundi cherehani aliinua uso. Simu yake mwenyewe alikuwa ameiegemeza kwenye mkebe wa nyuzi, na ndiyo kwanza alikuwa ameondoa kidole kwenye kioo chake. Alishukuru kimoyomoyo. Angalau yuko mtu anayemkumbuka mdogo wake huko chumbani.

Mdogo wake alikuwa kipa. Kwenye fainali, mpira mlaini kama wa watoto ulimpita katikati ya miguu dakika ya mwisho, na kombe likaenda kwa mahasimu. Tangu hapo mlinda mlango hakulinda tena mlango wowote ila wa chumba chake. Sahani iliingia imejaa, ikatoka imejaa. Asubuhi hiyo kocha alikuwa amepiga simu: asipoonekana mazoezini kesho, glavu zinakwenda kwa kipa wa akiba, na zikishakwenda hazirudi.

"Kitasa," dada alimwita kupitia ukutani. Lilikuwa jina la ndani ya nyumba, alilopachikwa na marehemu mama yao kwa sababu tangu utotoni hakuruhusu kitu kimpite. "Utafungua lini?"

Akarudi kukanyaga cherehani.

Fundi huyu alikuwa na kazi ya pili, isiyo na ujira wala shukrani. Ndiye aliyesimamia jukwaa la mashabiki wa timu mtandaoni. Wanachama walimwita Refa, wakidhani ni mzee fulani mwenye kitambi na filimbi. Sheria yake ilikuwa moja: chezea mchezo wa mtu, usiguse wazazi wake. Ukiwagusa mara ya kwanza, kadi ya njano inakujia kwenye simu yako. Mara ya pili, nyekundu, na akaunti yako inafungiwa milele. Alikwishamfungia hata mjomba wake, na mjomba hadi leo hapokei salamu zake. Ndugu walipokuja juu, aliwajibu kwa maneno matatu: refa hana ndugu.

Maneno hayo sasa yalikuwa yakimkaba. Siku chache baada ya fainali alijiunga mwanachama aliyejiita Tundu la Wavu, akamwandama kipa kwa beti kila uchao:

Mpira ulimpita, kama maji chekecheni,
Hizo glavu mpe bata, atadaka mabawani.

Watu walicheka mpaka wakalia. Fundi alizisoma beti hizo huku moyo ukimchuruzika, akiamini ndizo zilizomfungia mdogo wake ndani. Kidole kilimwasha. Lakini bata si mzazi wa mtu, na sheria haikuwa imevunjwa. Akamwacha, na haki ikamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Ni leo tu, muda mfupi uliopita, Tundu la Wavu alipouliza ni baba gani aliyeilea mikono ile, ndipo alipolimwa njano.

Mshukiwa hakuwa mbali. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa mshairi wa kujifundisha, beti zake kazibandika kuzunguka kioo cha kunyolea. Na sasa huyo hapo, kafuata aproni yake iliyochanika.

"Dada fundi, umemsoma Tundu la Wavu?" aliuliza, akiketi kabla ya kukaribishwa. "Yule ndiye. Mimi nikitunga nanyoa, yeye anachinja."

Fundi alisema kwamba anayechinjwa ni mtoto wa watu, na hatoki nje.

"Mwambie atoke nimnyoe bure. Huenda kichwa kikadaka."

Akatoa simu, vidole vikacheza juu yake, akatabasamu peke yake, kisha akailaza mezani kati ya chaki na mkasi. Hapo hapo ubeti mpya ukatua jukwaani:

Kile kitasa cha mama, leo kimeshika kutu,
Heri kuzaa mnyama, kuliko huyu si mtu.

Neno mama lilimgonga fundi machoni, mengine hakuyaona. Mama aliye kaburini, asiyeweza kujibu! Hatimaye. Sheria ilikuwa imevunjwa mchana kweupe, na hakuna ambaye angesema Refa kapendelea. Alibonyeza kadi nyekundu, kisha akaikodolea macho simu ya kinyozi, akisubiri ilie, na maneno ya kumpasha yakiwa tayari ulimini.

Simu ya kinyozi haikulia.

Ti! Ng'ambo ya ukuta.

Kinyozi alikuwa bado anausifia ule ubeti. Fundi aliinuka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba, akauwekea kiganja.

"Kitasa," aliita. "Fungua, mdogo wangu."

Kwa mara ya kwanza tangu fainali, alijibiwa.

"Nitafungua, dada," sauti ilisema kwa upole. "Nakuahidi. Kesho asubuhi nitafungua akaunti nyingine."